TOPE LA BANDARINI LIENDE WAPI?



 Juu ya maji yaliyoingia katika kalasi ya wadogo wetu wa mwaka wa kwanza njo tunaandika somo hili.

Mnakumbuka namna ilivyokuwa. Wakati wa kiangazi watu walikuja kufukua mfereji unaoshuka chini ya shule mpaka ziwani. Walifanya kazi siku nne, kazi ya nguvu kweli, na mfereji ukabaki safi. Lakini tope walilotoa walilitupa pale pale ukingoni, hatua mbili toka maji. Mwezi wa kumi mvua ya kwanza ikanyesha, mvua ya saa mbili tu. Lundo lote likarudi ndani ya mfereji kama mtu anayerudi kitandani kwake. Maji yakakosa njia, yakapita katika kalasi, na madaftari mengi ya wadogo wetu yakaharibika. Jasho la siku nne lilikwisha kwa saa mbili.

Tulimuuliza mwalimu wetu wa jeografia: "Bwana mwalimu, walipaswa kulitupa wapi?"

Akajibu: "Juu ya nini mnasema kutupa?" Kisha akatutuma kutafuta chupa. Habari ya chupa tutaieleza mbele kidogo.

UGONJWA WA BANDARI

Mfereji wetu ni mdogo, lakini ugonjwa wake ni ule ule wa bandari yetu ya Kalemie. Kila mtu aliyezaliwa hapa anajua kwamba bandari inajaa mchanga. Mito inashuka toka milimani na kuleta udongo wa mashamba. Wakati maji yanakimbia yanaweza kubeba mzigo. Yakifika ziwani yanapumzika, na mzigo unaanguka chini. Kitu kizito kinaanguka kwanza, ni kusema mawe na changarawe, halafu mchanga, na nyuma kabisa ule unga mwembamba. Bandari ni mahali pa maji kutulia, tunaijenga vile ili mashua zisipigwe na mawimbi. Basi mahali panapofaa mashua kulala, panafaa tope kulala vilevile. Hakuna bandari duniani iliyoponyoka sheria hiyo.

Dawa yake ni draga. Draga ni mashua yenye mashine ya kuchota chini ya maji. Kuna aina inayochota kwa ndoo kubwa ya chuma, na kuna nyingine inayonyonya kwa bomba kama mtoto anavyonyonya soda na mrija. Shikeni tofauti hiyo, sababu inageuza mambo. Ndoo inatoa tope zito, karibu kama lilivyolala. Bomba linanyonya tope pamoja na maji mengi, na kile kinachotoka ni kama uji, hakisimami mahali.

Na hapa kwetu kuna neno lingine juu yake, la Lukuga. Wadogo wetu wanajua kwamba Lukuga ndio mto peke yake unaotoa maji katika Ziwa Tanganyika. Lakini wengi hawajui kwamba zamani ulikuwa umezibwa. Mwingereza Cameron aliufikia mwaka 1874, na Stanley alikuja mwaka 1876. Wakati ule mlango wake ulikuwa umejaa mchanga, tope na majani ya maji, na maji ya ziwa yalikuwa yanapanda. Mwaka 1878 kizibo kikavunjika. Mwaka 1879 Edward Hore alikwenda kuangalia. Huyu alikuwa baharia na tena mtu wa misioni, alitumwa Ujiji na shirika la misioni la London. Alikuta Lukuga inakimbia kwa nguvu. Katika miaka kama 15 ziwa likashuka karibu meta 10. Wazia! Tope na majani tu vilikuwa vimeshikilia ziwa zima la urefu wa kilometa 670 hivi.

Tunasema hayo kwa sababu tangu mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda sana, na mwaka 2024 tena. Nyumba zilizama hapa Kalemie, Uvira na Bujumbura, na watu wengi wakasema, "Lukuga ichimbuliwe." Pengine ni vema. Lakini fikirini kidogo: kama Lukuga ikichimbuliwa mno na ziwa likashuka, bandari yetu itakosa maji chini ya mashua, na draga itapaswa kuchota zaidi. Ukitoa tope mahali pamoja, unagusa mahali pengine. Hatukuwa tumewaza hivyo mbele ya somo hili.

CHUPA

Sasa chupa. Mwalimu alitugawa katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilichota tope la lundo letu la mfereji. La pili lilikwenda ufukoni, mahali papa mmoja mvuvi anapovuta mtumbwi wake, nasi tukamwomba ruhusa ("Tope? Mnaomba ruhusa ya tope? Bebeni yote, watoto wangu!"). La tatu lilichota katika mfereji unaotoka upande wa soko na magaraji.

Mtu yeyote anaweza kufanya kazi hii nyumbani. Chukua chupa nyeupe ya plastiki. Tia tope mpaka sehemu moja ya tatu, ongeza maji mpaka karibu na shingo, na sabuni ya unga kidogo sana, sababu sabuni inaachanisha chembe zilizoshikana. Funga, tikisa kwa dakika tano, kisha weka mahali pasipoguswa. Baada ya dakika moja, kile kilichoanguka chini ni mchanga. Baada ya saa mbili, juu ya mchanga unaona limo, ule unga laini ambao si mchanga wala si udongo wa mfinyanzi. (Katika Kifaransa tunasema limon, haiko lile tunda la kutia katika chai.) Kesho yake au kesho kutwa, maji yakianza kuwa meupe, juu kabisa unaona mkanda mwembamba: huo ni udongo wa mfinyanzi. Pima kila mkanda kwa rula.

Chupa ya mvuvi ilikuwa karibu mchanga mtupu. Ya mfereji wetu ilikuwa na mchanga nusu, limo karibu nusu, na mfinyanzi kidogo juu. Ya tatu ilitushangaza. Mikanda ilionekana vizuri, lakini juu ya maji kulikuwa na ngozi ya mafuta yenye rangi nyingi kama shingo ya njiwa, na tulipofungua, harufu ya mazuti ikajaa chumba.

Basi mwalimu akauliza kila kundi: "Tope lenu linaweza kufanya kazi gani?" Njo hapo tuliona kwamba neno "tope" linadanganya. Tunaita vitu vitatu kwa jina moja, halafu tunashangaa kwamba havifai kitu.

Mchanga wa ufukoni ni mali. Wajenzi wanaununua kila siku kwa kamio. Maji ya ziwa letu si ya chumvi kama ya bahari, basi mchanga wake haulishi kutu vyuma vya betoni namna mchanga wa bahari unavyofanya kama haukuoshwa. Lakini mchanga uliochanganyika na limo nyingi unapunguza nguvu ya simenti. Ukiuona maji yake machafu sana katika ndoo, uoshe kwanza.

Tope la mfereji wetu tulijaribu kufanyia matofali. Manne ya kwanza yalipasuka yote, hata jua halijayachoma siku mbili. Tulikuwa na haraka, hatukutoa majani na mizizi iliyooza, na tuliyaanika juani badala ya kivulini. Mara ya pili tulipepeta, tukaongeza udongo wa kichuguu, sababu mfinyanzi ulikuwa mdogo, na majani makavu yaliyokatwa kidogo kidogo. Wana wa Israeli huko Misri walilia walipokatazwa majani ya kufanyia matofali. Sasa tunajua kwa mikono yetu sababu gani walilia. Yanashika tofali wakati linapokauka. Matofali nane ya mara ya pili yanasimama mpaka leo. Kwa ukuta wa nyumba hatusemi bado. Kwa ukuta wa shimo la taka yanatosha.

Sehemu nyingine tulichanganya na mbolea ya mbuzi, nusu kwa nusu na udongo wa bustani, tukapanda lengalenga. Zimeota vizuri kuliko zile za pembeni.

Ni hapo kundi la tatu lilitaka kufanya kosa kubwa. Walisema, "Hata sisi tope letu ni jeusi, lina rutuba, tupande." Walikuwa wamekwisha kubeba pusupusu mbili. Mwalimu akakataa kwa ukali ambao hatukuuzoea kwake. Katika mfereji ule wanatupa bateri za magari, na ndani ya bateri kuna risasi, si ile ya bunduki, ni metali yenyewe. Risasi haiozi. Mmea unaweza kuibeba, na zaidi vumbi lake linashikamana na majani ya mboga na mikono ya watoto. Inaharibu akili ya mtoto mdogo pole pole, na mama hataona siku gani ilianza. Lengalenga zile zingekwenda katika sahani za internati. Tunaandika hivi bila kuficha, sababu sisi wenyewe tulikuwa tumeshika jembe.

MJI ULIOKOSA UDONGO

Mwalimu alitueleza habari moja ya Marekani iliyotupendeza kupita nyingine.

Katika jimbo la Illinois kuna mto unaoitwa kwa jina hilo hilo, na karibu na mji wa Peoria unapanuka na kuwa ziwa. Pande zote ni mashamba makubwa ya mahindi na soya. Kwa miaka mia na zaidi udongo mzuri wa mashamba yale ulibebwa na mvua mpaka ziwani. Nje ya njia ya mashua kubwa, sehemu nyingi za ziwa maji yalibaki ya kuvuka kwa miguu. Samaki wakapungua. Watu wakasema ziwa limekufa, na tope lile ni taka.

Katika jimbo hilo hilo kuna Chicago. Huko, ukingoni mwa Ziwa Michigan, kulikuwa na kiwanda kikubwa cha chuma, South Works, kilichofungwa mwaka 1992. Waliobaki walirithi kiwanja kipana sana kilichojaa mavi ya chuma. Ndugu zetu waliofika Lubumbashi wanajua ule mlima mweusi karibu na kiwanda cha shaba: kitu cha namna hiyo, lakini kilichotandazwa. Majani hayaoti vizuri juu yake. Mji ulitaka kufanya bustani ya watu, lakini ulikosa udongo, na kununua udongo wa mashamba ni kuharibu mashamba.

Mtaalamu mmoja, John Marlin, akauliza swali ambalo hata mtoto angeuliza: hapa udongo unazidi, kule unakosekana, na katikati kuna maji yanayopitika, sababu gani tusiubebe? Kwanza walipima tope kama lina sumu. Wakapanda mimea ndani yake katika vyungu na kuangalia namna inavyoota. Halafu walichota kwa ndoo, si kwa bomba, ili lisiwe uji. Mwaka 2004 walipakia tani zaidi ya 100,000 katika barji, ndizo zile mashua pana zisizo na moteri, zikasukumwa zaidi ya kilometa 200 mpaka Chicago. Tope likatandazwa juu ya mavi ya chuma, likakauka, likapasuka pasuka, na majani yakaota. Udongo uliopotea mashambani ukawa udongo tena.

Tusifikiri kwamba ilikuwa rahisi. Gharama ya kubeba ni kubwa, na bila mto ule kazi isingewezekana. Kwa kamio ingekula franga zote. Pia ziwa la Peoria halikupona kwa barji zile peke yake, sababu mvua inaendelea kuleta udongo mwingine. Ndiyo maana mwenzetu mmoja alisema, "Basi ni kazi ya bure." Tulibishana naye mpaka kengele ikalia. Wengine kati yetu wanasema iko na haki: kama milima juu ya Kalemie inabaki bila miti, draga haitamaliza kamwe. Wengine tunasema hata jikoni mama anaosha sahani akijua kesho zitachafuka.

Kuna mifano mingine, tutaitaja mbio mbio. Huko Hamburg, Ujerumani, mto Elbe ulileta metali nzito toka viwanda vya juu. Tangu mwaka 1993 wana kiwanda kinachoachanisha mchanga safi na limo yenye sumu. Mchanga unatumika, sumu inafungiwa. Ni kama chupa yetu, lakini kubwa kama kiwanda cha simenti! Huko Uholanzi, katika mji wa Delfzijl, mwaka 2018 walianza kutandaza tope la bandari katika mabwawa makavu na kuliacha kama miaka mitatu. Mvua inaosha chumvi, jua linakausha, wanageuza kama mkulima anavyogeuza mihogo, mpaka linakuwa udongo mgumu wa kujengea ukuta wa kuzuia bahari. Na kule Marekani tena, katika ghuba ya Chesapeake, kisiwa cha Poplar kilikuwa kimeliwa na mawimbi mpaka kikabaki kama hekta mbili. Tangu mwaka 1998 wanakijenga upya kwa tope linalotolewa katika njia za meli za Baltimore, na ndege wamerudi.

MAJI YETU YANAFIKA MBALI

Msiseme hayo ni mambo ya wazungu. Maji yanayotoka Lukuga yanaingia Lualaba, na Lualaba ndiyo Kongo, na Kongo inapita Matadi na Boma mpaka baharini. Chini ya Boma mto unapanuka sana, una visiwa vingi, na mafungu ya mchanga yanahama kila mwaka. Njia ya meli ya mwaka jana si ya mwaka huu. Huko draga zinafanya kazi tangu wakati wa Wabeleji. Na mchanga unaopita unaanguka katika bonde refu lililo chini ya bahari, linaloanza ndani ya mlango wa mto wenyewe. Mwezi wa kwanza 2020, baada ya mafuriko makubwa ya mto, mchanga na tope vilivyolundikana pale viliporomoka chini ya bahari zaidi ya kilometa 1,000, vikakata kamba za simu na intaneti, na watu wa inchi nyingi za Afrika wakakaa na intaneti ya taabu. Mchanga haupotei. Kama hamkuupa kazi, utajitafutia wenyewe.

Tunarudi kwa mfereji wetu. Mwezi huu, siku ya posho, sisi wa mwaka wa tano tutahamisha lundo lililobaki. Hatutaliweka ukingoni. Tumepima hatua 30 toka maji, mahali palipo juu, na tutazungusha ukuta mdogo wa udongo na kupanda matete ili mvua isilibebe. Sehemu yenye limo itakwenda bustani. Sehemu ya mchanga itajaza yale mashimo ya njia mbele ya chapeli ambamo Bwana Prefe aliangusha baiskeli yake (tunaomba radhi kwa kulitaja). Tope jeusi la upande wa soko, zile pusupusu mbili, limefunikwa na hema la plastiki nyuma ya garaji ya shule. Halitalimwa. Mwalimu anatafuta namna ya kulizika chini ya sakafu ya betoni ya bohari mpya, mbali na kisima, na wazazi wanaojua kazi ya ujenzi waje wampe shauri.

Anayetaka kupima tope la kwao alete chupa yake. Zetu tatu ziko dirishani katika laboratwari, na majina yameandikwa juu yake. Tafadhali msizitikise, mkanda wa mfinyanzi wa chupa ya pili bado unaanguka.

Sisi wanafunzi wa mwaka wa tano